Wachambuzi naomba ushauri wa haraka: kati ya wapya wa Simba, nani atapendwa kabla ya Ngao ya Jamii?

Fundi Rangi
Habari za jioni wakuu. Nina duka dogo la jezi na bukta huku Kahama, napiga pia majina na namba mgongoni. Naomba mnisaidie bila ushabiki. Simba hii ya msimu wa 2024/25, ya kocha Fadlu Davids, mnaionaje? Kaondoka Chama kwenda Yanga, kaondoka Inonga, Saido, Bocco, Miquissone. Wamekuja Mutale, Ahoua, Mukwala, Debora, Okejepha, Karaboue, Nouma, Hamza, Mashaka, na wengine sijawahi kuwaona wakigusa mpira. Wapo kambini Ismailia, Misri, na picha tunazoletewa ni watu wanakimbia kwenye nyasi nzuri na kunywa maji. Tarehe 3 Agosti ni Simba Day, siku ya kutambulisha kikosi, tarehe 8 nusu fainali ya Ngao ya Jamii, kombe la kufungua msimu, na Yanga. Nani kati ya hawa atawaka mapema? Nijibuni leo, kesho asubuhi nina jambo la kukamilisha.

Kijana wa Ilala
Ubaya Ubwela! Ahoua katoka Stella ya Adjamé, ndiye mchezaji bora wa ligi ya Ivory Coast msimu ulioisha, unauliza nini tena kaka? Ubingwa huo unarudi kwetu Simba, Msimbazi.

Jangwani Damu
Atakayependwa mapema ni Chama. Ila huku kwetu Yanga 😂

Dokta Mbagala
Tuongee mpira. Msimu ulioisha Simba walimaliza wa tatu, pointi sawa na Azam, wakazidiwa kwa mabao, ndiyo maana mwaka huu wanacheza Kombe la Shirikisho Afrika na wanamsubiri mshindi kati ya Uhamiaji ya Zanzibar na Al Ahli Tripoli. Walianza na kocha Robertinho, wakapigwa 5-1 na Yanga mwezi Novemba, akaondoka. Akaja Benchikha, naye akaondoka ligi haijaisha, Mgunda akamalizia. Ukuta uliopasuka hivyo haupakwi rangi, unabomolewa. Kwa hiyo kuvunja kikosi naunga mkono.

Ila msitoe mfano wa 2017 kila siku. Kweli mwaka ule walisajili kikosi kizima wakachukua ubingwa wa 2017/18, lakini Manula, Bocco, Kapombe na Nyoni walitoka Azam, na Okwi Msimbazi ilikuwa nyumbani kwake. Walishazijua safari za Kagera na Mbeya na viwanja ambavyo mpira unadunda unakotaka wenyewe. Hawa wa sasa kila mmoja katoka ligi yake na kocha wake. Fadlu mwenyewe alikuwa msaidizi pale Raja, waliochukua ubingwa wa Morocco bila kufungwa mechi, ila kule alikuta timu imeshajengwa. Na mwaka huo mnaousifia, kocha Omog aliyeanza msimu hakufika mwisho. Mimi nawapa mpaka Desemba waanze kuelewana. Tarehe 8 usitegemee kitu.

Mzee Mchafukoge
Nimeona mmeandika Ahoua katoka Stella ya Adjamé. Vijana hamjui uchungu wa hilo jina. 1993, fainali ya Kombe la CAF, kule Abidjan tumetoka sare bila kufungana. Mji mzima tukajua kombe letu. Tukaingia Uwanja wa Taifa, huo mnaouita Uhuru sasa hivi, akatokea mtu anaitwa Boli Zozo, akatupiga mbili. Nilirudi nyumbani kwa miguu na wala nauli nilikuwa nayo. Leo tunamchukua kijana wao tunamshangilia. Sina neno, acheze tu, anatudai.

Fundi Rangi
Asante mzee wangu. Dokta, ukisema Desemba unaniua. Hakuna hata mmoja wa Agosti?

Shangazi Tabata
Mwanangu, mbona una haraka kuliko kocha mwenyewe? Desemba inakuua kwa lipi?

Fundi Rangi
Ni mambo ya biashara tu shangazi.

Dokta Mbagala
Umeshaagiza mzigo, siyo?

Fundi Rangi
Nimeagiza Kariakoo, nimelipa nusu, nusu nyingine ndiyo ya kesho. Na chache nilizokuwa nazo nimeshazipiga majina kwa majaribio.

Dokta Mbagala
Chache ngapi?

Fundi Rangi
Arobaini. Mutale na Ahoua.

Dokta Mbagala
Na namba zao umezipata wapi?

Fundi Rangi
Kuna picha inazunguka WhatsApp.

Jangwani Damu
Jamani nishikeni 😂😂

Fundi Rangi
Chekeni, lakini mimi nimefikiri. Mwaka jana nilijaza Chama 17. Mnajua yuko wapi leo. Zipo juu kabatini, hata wa kuzifanyia dekio hakuna. Ndiyo nikasema safari hii napiga wapya, hawa wamesaini juzi, hawaondoki kesho. Nikisubiri mpaka Simba Day, kila mwenye mashine Kahama atakuwa na Ahoua wake. Hapo faida iko wapi?

Mpenda Haki
Kabla ya faida, hizo jezi ni halali? Klabu inaishi kwa mauzo ya jezi. Halafu nyinyi nyinyi mnalalamika timu haisajili washambuliaji wa maana. Tubadilike.

Kijana wa Ilala
Mpenda Haki, hiyo uliyovaa kwenye picha yako ya wasifu nembo yake imekaa upande.

Shangazi Tabata
Acheni hayo. Fundi, nakuuliza kama mzazi. Hiyo nusu uliyolipa na nusu ya kesho, hela ya nani?

Fundi Rangi
Ya nyumbani.

Shangazi Tabata
Nyumbani kwa nani?

Fundi Rangi
Ni ya kikoba. Cha mama watoto. Lakini sijaiba, msianze. Nimeizungusha tu. Marejesho ni mwisho wa Agosti, na kufikia hapo Simba Day imepita na Ngao imepita, hela imerudi na cha juu. Mnataka nikae na hela ndani wakati msimu ndio huu?

Mpenda Haki
Hela ya akina mama! Kuna mwenzenu anauza vitumbua apeleke hisa, wewe unampelekea Mutale.

Dokta Mbagala
Kwa hiyo Fadlu asipomfunga Yanga tarehe 8, kikoba kinavunjika Kahama. Kocha wa watu hata hajui.

Msomaji Kimya
Samahani wakuu, huwa sichangii, ila hii ni chai na haina hata sukari. Mke wangu ni mwenyekiti wa kikoba. Sanduku lina kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu tofauti, na halifunguliwi mpaka siku ya kikao, wote wakiona. Wewe ulilifungua vipi? Tena mwezi wa tatu nilisoma uzi wako ukisema unaendesha bajaji.

Kijana wa Ilala
Aisee, kweli! Ule wa bajaji kuishiwa mafuta njiani.

Jangwani Damu
Nilijua. Kolo wa Simba hawana timu, sasa wanatunga hadithi.

Mzee Mchafukoge
Kufuli tatu ni kweli. Sisi tulikuwa na la nne, maana mwenyekiti na mhasibu walikuwa ndugu.

Fundi Rangi
Bajaji ilikuwa ya tajiri, aliichukua. Na sikusema nimefungua sanduku, mmesema nyinyi. Mama watoto alikopa kikobani anunue cherehani ya ovaloki. Mkopo ulitoka Jumapili, akauweka kwenye simu. Namba ya siri naijua, ni mke wangu.

Shangazi Tabata
Na yeye anajua ilipo?

Fundi Rangi
Anajua cherehani bado ipo njiani kutoka Mwanza.

Shangazi Tabata
Mungu wangu. Mwambie leo, kabla hujalipa hiyo nusu ya pili. Marehemu mume wangu alinifanyia hivyo kwa mahindi ya Kibaigwa. Mahindi hayakuniuma, yalioza tu. Kilichoniuma ni kuambiwa na muuza duka.

Fundi Rangi
Nikimwambia leo atataka niidai hela Kariakoo, na yule jamaa harudishi. Bora nimwambie mzigo ukiwa umefika, aone kwa macho.

Dokta Mbagala
Basi angalau mpigie huyo jamaa wa Kariakoo, nusu iliyobaki usimpe, akupe mzigo wa hela aliyonayo tu, tena mgongo mtupu. Jina piga mteja akija na hela mkononi. Kibu tu, wa msimu ulioisha, hatumwoni kambini, wewe una uhakika gani nani ataanza? Hata Mutale akiwa moto, akiumia mechi ya kwanza umekwisha.

Fundi Rangi
Mgongo mtupu kila mtu anauza, Dokta. Hela iko kwenye jina.

Msomaji Kimya
Mimi bado sijaamini. Weka picha ya hizo arobaini tumalize.

Fundi Rangi
Nimeweka. Hizo hapo mezani, mashine ile pembeni. Kuna jingine?

Kijana wa Ilala
Kaka, kuza hiyo picha. Ya pili kutoka juu imeandikwa AHUOA.

Fundi Rangi
Ni hiyo moja.

Kijana wa Ilala
Na ya chini yake?

Fundi Rangi
Za Ahoua nilizipiga zote usiku mmoja. Umeme ulikuwa unakatika.

Msomaji Kimya
Naondoa neno chai. Mtunzi angeandika jina vizuri.

Mzee Mchafukoge
Huyu Stella ametuanza tena, hata uwanjani hajaingia.

Jangwani Damu
Hiyo AHUOA naitaka, XL. Nitaivaa tarehe 8 kwa Mkapa, upande wetu, katikati ya Wananchi wa Yanga. Bei?

Fundi Rangi
XL zipo. Elfu ishirini na tano.

Jangwani Damu
Kumi na tano, jina lenyewe umekosea.

Fundi Rangi
Ishirini, na ya basi kutoka Kahama juu yako.