Leza ya macho: LASIK, PRK au SMILE? Naombeni ushauri kabla sijalipa

MamaK_Dom: Habari za jioni wapendwa. Nimevaa miwani tangu form two nimechoka, nataka leza mwaka huu huu, hela ipo. Hospitali moja India wamenipa bei ya LASIK na PRK, nyingine wanasema nifanye SMILE. Ipi nzuri? Nataka nilipe wiki ijayo.

MzeeWaLensi: Dada, namba yako ya miwani ngapi? Umri? Konea (kile kioo cha mbele ya jicho) umepimwa unene? Bila hayo hapa tutabahatisha tu.

Ngosha_: LASIK usipoteze muda. Mdogo wangu alifanya, kesho yake anasoma vibao vya daladala toka mbali. PRK wanaondoa ngozi ya juu ya jicho, siku za mwanzo ni maumivu na machozi, mwanga huutaki kabisa, na macho yanatulia baada ya wiki kadhaa. Ya nini?

BintiPwani: @Ngosha_ usimtishe mwenzio. LASIK wanakata kifuniko kwenye konea wanakifunua, leza inachonga chini yake kisha wanakirudisha, na kile kifuniko hakishiki tena kama mwanzo hata miaka ipite, ndo maana bondia anashauriwa PRK. Kaka yangu anacheza ngumi alifanya PRK, leo hana miwani.

MamaK_Dom: Asanteni. Kulia -6.50 kushoto -5.75, astigmatizimu kidogo (konea haiko mviringo sawa), miaka 31. Unene wa konea wamesema nitapimwa nikifika.

MzeeWaLensi: Hapo ndo pabaya, usikate tiketi kabla ya hicho kipimo. Konea ya kawaida ina kama maikroni 540 (maikroni elfu moja ni milimita moja) na leza inakula takriban 15 kwa kila namba moja, kwa hiyo kwa -6.50 piga mia hivi, ongeza kifuniko cha LASIK kama 110, na chini lazima zibaki angalau 250. Ukikutwa na 450 LASIK imeshakataa. Wapime na umbo pia, maana konea yenye dalili za keratokonasi (ugonjwa wa konea kuwa nyembamba na kuchongoka) haiguswi kwa LASIK wala SMILE. Ikishindikana uliza ICL, lensi inawekwa ndani ya jicho bila kuchonga konea na inaweza kutolewa, ila ni ghali na ni upasuaji wa ndani.

Joti77: Mjomba wangu alipigwa leza ya presha ya macho na miwani bado anavaa. Hizi leza ni biashara tu

BintiPwani: @Joti77 hiyo ni leza nyingine kabisa kaka, ile inashusha presha, namba hairekebishi.

Mwl_Kongwa: Mimi nilifanya LASIK, hospitali siitaji. Kuona naona vizuri sana, shida ni ukavu. Wakikata kile kifuniko wanakata na neva zinazoliambia jicho litoe machozi, wengi zinarudi baada ya miezi ila mimi bado nahangaika. Usiku naamka kope limeganda kwenye jicho, nikilifungua haraka ni kama linachanika, inabidi nipapase chupa ya matone chini ya mto nidondoshee kwanza halafu nisubiri. Na upepo wa huku kwetu mnaujua, nikishika chaki darasani ndo kabisa. Kinachoniuma niliwaambia mapema macho yananiwasha nikivaa lensi, wakapima kila kitu isipokuwa machozi. Dada upo Dodoma, wakupime machozi!! SMILE hawakati kifuniko, wanatoa kipande chembamba cha konea kupitia tundu dogo, neva nyingi zinabaki.

Ngosha_: Pole mwalimu. Ila SMILE kurudia kurekebisha namba ikibaki ni kazi kuliko LASIK, hilo hamsemi.

Mlonge_Asili: Kunyweni mlonge na karoti mtaacha miwani bila kukatwa

MzeeWaLensi: Karoti inamsaidia aliyepungukiwa vitamini A. Jicho la -6 ni refu kuliko kawaida, karoti hailifupishi. Hata leza hailifupishi, so mama ukishafanya endelea kupima retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha), hatari ya kubanduka ipo pale pale.

MamaK_Dom: Mwalimu pole sana kwa kweli. Swali lingine, nanyonyesha, mtoto ana miezi saba, inahusu?

BintiPwani: Jamani ungeanza na hilo! Homoni zinayumbisha namba na zinakausha macho. Madaktari wengi watakwambia umalize kunyonyesha, usubiri miezi kadhaa, upime tena uone namba imetulia.

Ngosha_: Shangazi yangu alifanya ananyonyesha na yuko poa tu

MzeeWaLensi: Na namba yake leo ni ngapi?

Ngosha_: Ngoja nimuulize

Kwetu_Tanga: Samahani nadandia, mimi nina 44, nikifanya leza miwani ya kusomea pia inaondoka?