Tupeane uzoefu: Kusoma Biblia mpaka ikae kichwani. Unaanzia wapi, unakwamia wapi?

Karani wa Ezra
Shalom wapendwa. Kuna mtu kule kwenye mada nyingine kalalamika kwamba kila Januari anaanza Mwanzo kwa kasi, akifika Kutoka 25 kwenye vipimo vya maskani, lile hema la ibada, kimya mpaka Januari ijayo. Nikaona tulete mbinu hapa. Mbinu tu, shuhuda zina uzi wake.

Naanza na hesabu. Vitabu 66 vina sura 1,189. Soma sura 3 kila siku, Jumapili 5, kwa wiki 52 unamaliza na akiba ya sura 7. Kinachoharibu ni kudhani sura zote zinalingana: Zaburi 117 ina mistari 2, Zaburi 119 ina 176. Siku ya 119 usipange kingine.

Mzee wa Pembeni
Hiyo 1,189 ni yenu wa vitabu 66. Sisi Wakatoliki wa vitabu 73, kitabu cha Yoshua bin Sira peke yake kina sura 51.

Karani wa Ezra
Ongeza zako mzee, hakuna aliyekukataza. Tusianze hayo.

Taa ya Mafuta
Mimi hesabu za sura nazipinga. Mtu anakimbiza ratiba, jioni ukimuuliza alichosoma asubuhi anatoa macho. Chukua waraka mmoja mfupi ukae nao wiki nzima. Mfano Wafilipi, mistari 104 tu.

Siku ya kwanza soma wote kwa mkupuo, bila kalamu, kama barua iliyofika leo. Siku ya pili rudia, zungushia kila neno linalojirudia. Utaona furaha imejaa humo, na mwandishi, Paulo, yuko kifungoni (1:13). Siku ya tatu fuata watu: Timotheo, Epafrodito, Euodia na Sintike ambao hawapatani. Siku ya nne andika kila aya kwa sentensi moja ya maneno yako. Ikikushinda, hujaelewa, rudi. Siku ya tano ndipo uulize "mimi nifanye nini?" Wengi wanaanza na swali hilo, ndiyo maana 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu", imekuwa ya kufaulu mitihani. Soma 4:12: anazungumzia kushiba na kuona njaa.

Yeremia 29:11, ile ya "mawazo ya amani", hivyo hivyo. Mstari wa 10 unasema kwanza miaka 70 ya Babeli itimie. Mtu mzima aliyesomewa barua ile ya Yeremia kwa waliohamishwa Babeli alikuwa anaambiwa, kwa lugha nyingine, kwamba atazikwa huko huko. Na namba zisikudanganye: mistari ya Agano Jipya tuliyo nayo iliwekwa na Robert Estienne mwaka 1551. Hata sura zinakata vibaya. 1 Wakorintho 11:1 ni mwisho wa sura ya 10.

Nipo Tu
Hapo kwenye Yeremia umegusa kalenda zote za ukutani 😂

Fungua Popote
Mnajichosha. Omba, funga macho, fungua, weka kidole. Mtakatifu Augustino, yule mwalimu wa Kanisa la kale, aliongoka hivyo hivyo kule Milano mwaka 386. Analia bustanini, anasikia sauti ya mtoto, "chukua usome", anafungua, jicho linatua Warumi 13:13. Maisha yakageuka palepale. Alikuwa na ratiba?

Mzee wa Pembeni
Na kidole kikitua Mathayo 27:5, Yuda anajinyonga?

Taa ya Mafuta
Fungua Popote, hiyo habari isome yote. Kile kitabu kilikuwa nyaraka za Paulo, na alikuwa anazisoma tangu kabla ya siku ile. Hakuokota.

Fungua Popote
Alifungua au hakufungua?

Nipo Tu
Alifungua 😂

Dada wa Beroya
Mkimaliza na Augustino, kuna hili. Kiswahili chetu kinatenganisha wewe na ninyi, na hamkitumii. Luka 22:31-32, Yesu anamwambia Simoni Petro: Shetani "amewataka ninyi", lakini "nimekuombea wewe". Wote wanapepetwa, anaombewa Simoni, tena kwa kazi: awaimarishe ndugu zake. Yohana 3:7 anaongea na Nikodemo peke yake, lakini anasema "Hamna budi". Pigia mstari kila badiliko kama hilo.

Tena BWANA kwa herufi kubwa katika Agano la Kale ni jina lenyewe la Mungu, si cheo tu. Ukikwama kwenye tafsiri ya Union ya 1952, weka tafsiri ya Habari Njema pembeni. Zinapotofautiana ndipo pa kuchimba.

Mguu Mzito
Walawi je? Nishaurini.

Nipo Tu
Ruka.

Karani wa Ezra
Usiruke! "Umpende jirani yako kama nafsi yako" imetoka Walawi 19:18. Soma Walawi 16, ya siku ya upatanisho, siku hiyo hiyo soma Waebrania 9. Bila ile ya kwanza, hii ya pili ni mafumbo.

Fungua Popote
Ruka, utarudi ukikomaa.

Mama Zaburi
Kwa wanaokariri: taja rejea kabla ya mstari na baada yake, la sivyo utabaki na maneno usiyojua yalipo. Rudia kesho, siku ya tatu, baada ya wiki, baada ya mwezi. Usiongeze mpya kama wa jana unagoma. Mistari 2 kwa wiki inatosha.

Taa ya Mafuta
Mmoja, mama. Na iwe aya, si mstari uliochomolewa.

Mama Zaburi
Haya, wewe kariri Zaburi 119 yote basi.

Mguu Mzito
Simu au ya karatasi?

Dada wa Beroya
Karatasi kwa kusoma, unakumbuka hata neno lilikuwa upande gani wa ukurasa. Simu kwa kutafuta neno. Zima data kwanza.