Kuzidisha na kugawanya sehemu: ilikuingia wapi? Tupeane uzoefu

Jana mwanangu kaniletea homuweki, 6 ÷ 3/4. Nikamwambia geuza ya pili uzidishe, 6 × 4/3, jibu 8, haya kalale. Akaniuliza, "mama, mbona umegawanya na imekuwa kubwa?" Wallahi nilinyamaza. Miaka yote mie nageuza tu, sijui nageuzia nini. Nyie wenzangu?

*Fundi wa Majengo:* Hiyo ndo kazi yangu kila siku dada. Kitambaa mita 6, kaptula moja yala robo tatu, zatoka ngapi? Natandika tepu mezani, sentimita 75 chaki, 75 tena chaki, nikifika mita tatu nshapata nne, basi sita ni nane. Mwambie aulizwa robo tatu zimo ngapi ndani ya sita, na kipande kikiwa kidogo lazima vitoke vingi. Lakini nilipoanza kazi nilizidisha badala ya kugawanya, nikamwambia mteja zatoka kaptula nne na nusu. Akaniuliza hiyo nusu ataivaa nani 😂

*Bi Kaimati:* Mie nilijulia jikoni. Unga nakata nusu, na sukari robo tatu kikombe, nusu yake? Robo na nusu ya robo. Shuleni waiita 3/8, nilipigwa sana kwa hiyo.

*Wa Kibokoni:* Mie ni madrasa, kwenye mirathi. Ustadh katufundisha mume akifa na ameacha watoto, mke apata thumni, yaani moja ya nane (1/8). Mwenzetu akauliza, na wakiwa wawili? Darasa zima tukajibu kila mtu na thumni yake. Ustadh akacheka mpaka kofia ikateleza, akasema thumni ni moja tu hiyo hiyo wagawane. Akashika chaki: mali laki nane, thumni ni laki moja, kila mke elfu hamsini, yaani 1/2 × 1/8 ni 1/16. Wakiwa wanne ni 1/32, elfu 25 kila mmoja (wenye mipango ya kuongeza mmesikia). Hapo ndo nilielewa kwa nini ukizidisha sehemu kwa sehemu yapungua, wachukua sehemu ya sehemu.

Mwenye uzi narudi: Fundi ahsante, leo nimekata chapati sita robo tatu robo tatu, na zile robo zilobaki tukaziunga tatu tatu, kweli nane. Sasa ataka nimuoneshe nusu gawa kwa robo tatu, na chapati zimekwisha.