Mrejesho: Bastola ya .22 au seti ya kubadilishia mtutu?

Wakuu, salaam. Mtakumbuka niliuliza, nikiwa hapa Texas, kama ninunue bastola kamili ya .22 (risasi ndogo) kwa mazoezi ya shabaha, au Kadet, seti ya mtutu na sehemu ya juu ya .22 ya kuvalisha kwenye fremu ya bastola yangu ya CZ 75 ya 9mm. Nashukuru kwa ushauri, nimechukua seti.

Kilichoniamulia ni kifyatulio: kwa kuwa fremu inabaki ileile, kidole kinajifunza uzito na mwendo uleule nitakaoukuta nikirudisha mtutu wa 9mm, jambo ambalo Ruger Mark IV, bastola kamili ya .22, pamoja na uzuri wake wote na kitufe kimoja cha kuifungulia, haiwezi kunipa. Isitoshe, vilengeo (vya kulengea shabaha) vya nyuma na mbele vya Kadet vimekaa kwenye sehemu isiyosogea. Kipande cha nyuma tu cha sehemu ya juu ndicho kinachorudi nyuma ukifyatua.

Kero ipo. Risasi za bei rahisi ziligoma kusukuma kipande hicho hadi mwisho, ganda likabanwa kwenye tundu la kutokea maganda mara tatu katika magazini moja, na masizi yalinichafua hadi kucha. Nilipohamia risasi zenye kasi zaidi, tatizo liliisha. Mwenye bastola moja tu, ya aina isiyovaa seti hii, ningemwambia anunue Ruger.