Upinde unagoma kuvutika kwenye baridi, nifanyeje?

Wakuu habari za saa hizi. Niko Minnesota, huu msimu wangu wa pili kuwinda kulungu kwa upinde wa kompaundi (ule wenye vigurudumu kwenye ncha). Septemba navuta upinde wenye uzito wa kuvuta wa pauni 65 bila shida ila jana kwenye kiti juu ya mti, nyuzi 12 chini ya sifuri, nimekaa masaa matatu kulungu akaja kabisa, navuta, mkono umefika nusu ukagoma! Nikajaribu kuinua upinde juu ndo nivute, akaniona akasepa. Upinde umekaza au ni mimi?

mzee_wa_porini: Ni wewe mkuu 😂 misuli imeganda. Punguza uzito wa kuvuta upinde, legeza boliti zake za juu na chini mizunguko sawasawa, pauni 50 inamuangusha kulungu vizuri tu mshale ukiwa na ncha kali, na sheria ya hapo Minnesota inataka pauni 30 tu. Kuringia pauni ni kwa vijana.

Mama_Junior: Na koti je? Mwaka juzi ugwe (kamba ya upinde) ulinikwaruza mkono wa koti, mshale ukaenda kushoto huko sijui wapi. Siku hizi nafunga mkono wa kushoto na kile kikinga cha ngozi, halafu nafanya mazoezi uani nimevaa makoti yote, majirani wanashangaa lakini potelea mbali.

mzee_wa_porini: Hapo kwenye koti umenena dada.

muuliza swali: Duh, mi mazoezi yote nilifanya na tisheti. Asanteni, leo nalegeza boliti.