Mtaro wa zege mtaani kwetu Muriet, tuchange au?

Mkazi_Muriet:
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri hasa nyie mnaojua mambo ya ujenzi na mipango miji. Huku kwetu Muriet, Arusha, kila masika maji yanashuka kutoka juu yanapita katikati ya nyumba, mwaka huu barabara imeliwa mpaka boda wanashushia abiria kule juu, na ukuta wangu wa nyuma msingi uko nje unauona kabisa. Kikao cha mtaa kimeamua kila kaya ichange tujenge mtaro wa zege moja kwa moja mpaka korongoni. Kuchanga sina shida, ila kuna mama anakaa jirani na korongo alisimama akauliza mkishayaleta yote huku kwa pamoja mimi na wanangu twende wapi, na hakuna aliyemjibu. Mnasemaje? Kikao kingine Jumapili.

fundi_mitaro:
Huyo mama yuko sahihi na alitakiwa ajibiwe palepale. Maji yakipita kwenye majani na udongo yanatembea taratibu na mengine yananywea, ukiyaweka kwenye zege lenye mteremko yanakimbia yanafika chini yote kwa wakati mmoja. Udongo wetu huu wa volkano ni mwepesi, pale mtaro unapoishia maji yanachimba, korongo linapanuka halafu linapanda juu kuufuata mtaro wenyewe, nimeshaona mitaro inaning'inia chini hakuna kitu. Mkijenga lazima muweke ngazi za kupunguza kasi na mwisho wake mawe makubwa yaliyofungwa kwa waya, na kabla ya yote mwone injinia wa TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), msije mkamwaga zege mahali ambapo barabara itakuja kuchongwa.

Mama wa Sokon:
Mimi naomba tuongelee hao wa korongoni. Sheria ya Mazingira ya 2004 kifungu cha 57 inasema mita 60 kutoka kingo za mto hakuna shughuli za kudumu, lakini huyo mama inawezekana aliuziwa kiwanja mbele ya viongozi na mashahidi, karatasi zikapigwa muhuri, nani alimwambia habari za mita 60? Mji una masta plani ya mpaka 2035 lakini mashamba yanakatwa vipande kila siku na anayekata haachi hata njia ya maji. Aprili 2024 gari la wanafunzi lilisombwa na maji ya korongo hapa hapa Arusha, watoto wakafa. Mimi bado nikisikia mvua asubuhi siku ya shule nakosa amani. Kwa hiyo mtaro wowote unaomwelekezea mtu maji mlangoni mimi siuungi mkono hata kama mmeshachanga.

Bati_na_Tanki:
Wakuu mnajadili maji yakishafika barabarani, yanatoka wapi? Juu huko zamani ilikuwa migomba na kahawa, sasa ni mabati na pevingi ukuta kwa ukuta. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba yenye paa la mita 10 kwa 12, ikipiga mvua ya milimita 50 hapo ni lita 6,000, nyumba 20 ni lita 120,000, yaani maboza 12 ya lita elfu kumi mmeyafungulia barabarani. Weka gata na tanki, acha mvua ya kwanza ioshe bati, yanayofuata ndo ukinge. Na huku kwetu visima vingi vina floraidi, watoto meno yanakuwa ya kahawia, mvua haina hiyo kitu, yaani unapunguza mafuriko na mtoto anapata maji ya kunywa.

Mkazi_Muriet:
Mkuu hesabu imeniingia, ila tanki la lita 2,000 si linajaa na mvua haijafika hata nusu? Na wengi hapa ni wapangaji, tanki atanunua nani?

Bati_na_Tanki:
Ni kweli linajaa, ndo maana bomba la kufurikia usilielekeze barabarani, lipeleke kwenye shimo la mawe. Mita moja na nusu kila upande, ukilijaza mawe bado linabaki na nafasi ya lita kama 1,300 na yanaendelea kunywea. Liwe mbali na msingi na mbali na shimo la choo. Mawe na nguvu tu, hata mpangaji akikubaliana na mwenye nyumba linachimbika. Na pevingi msizibe uwanja wote jamani, acheni sehemu ya udongo na majani.

fundi_mitaro:
Naongezea kitu kimoja kabla ya Jumapili. Hao wenye mabati ni wa mtaa wa juu, na nyie mnachangishana wa chini peke yenu. Mwambie mwenyekiti wako aongee na mwenzake wa juu kikao kiwe cha mitaa yote miwili, wao mashimo na magata, nyie mtaro mfupi wenye ngazi. Na huyo mama akae mbele, njia ya maji ipangwe yeye akiwepo.