Naombeni ushauri: nihudhurie kongamano la kanisa Arusha nami ni mjamaa?

Mwanakwaya wa Moshi:
Wakubwa zangu shikamooni. Mimi ni Mlutheri, na usharika wetu hapa Moshi umeniteua kuuwakilisha katika kongamano la vijana mjini Arusha. Wakati huohuo nimo katika kikundi cha kujisomea siasa za mrengo wa kushoto, ambako tunajadili Azimio la Arusha, ardhi, ujira na ushirika wa wakulima wa kahawa. Wenzangu wa kikundi wananicheka kwa kuwa, kwa Marx, dini ni kasumba ya watu, na mzee mmoja wa kanisa amenionya nisipeleke siasa mbele ya madhabahu. Katika ratiba kuna kipindi cha vijana na ajira, na ninahofia kitazungumzia ujasiriamali peke yake, kana kwamba kila asiye na kazi amekosa ubunifu tu. Je, niende? Na nikienda, niseme kwa kiasi gani?

Bibi wa Marangu:
Marahaba, mjukuu wangu. Nenda. Mwaka 1977 Shirikisho la Kilutheri Duniani lilikutana Dar es Salaam, likatamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni suala la imani yenyewe, wala si maoni ya kisiasa ambayo Mkristo anaweza kuyachukua au kuyaacha. Mkutano huohuo ulimchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa Rais, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mzee wako ana haki ya kuogopa kampeni za vyama kanisani, nami naziogopa, lakini kuuliza kwa nini mtu anafanya kazi na bado analala njaa si kampeni.

Mpita Njia:
Mimi nasema usiende. Nauli yako imetokana na sadaka za watu ambao hawakukutuma kwa ajili ya Azimio.

Msomaji wa Sakina:
Mpita Njia ana hoja, ila ameikata mapema mno. Mimi ni Mkatoliki, na kwetu jambo hili lina historia ngumu ambayo vijana wa kushoto hupenda kuiruka. Mwaka 1931 Papa Pius XI aliandika waziwazi kwamba mtu hawezi kuwa Mkatoliki mwema na msoshalisti wa kweli kwa wakati mmoja. Hata hivyo Mwalimu Nyerere, aliyekuwa mtu wa misa, aliongoza nchi kwa siasa ya ujamaa iliyotangazwa Februari 1967 hapahapa Arusha, na mwaka 1970, akizungumza na masista wa Maryknoll huko New York, alilitaka Kanisa lishiriki katika kuipinga mifumo inayowafanya watu wawe maskini, badala ya kutosheka na kuwahurumia. Wanaokucheka kikundini wakumbushe hilo.

Nina onyo moja. Najua utasoma Matendo ya Mitume sura ya 4, pale waumini walipokuwa na vitu vyote shirika. Usiishie hapo, kwa sababu katika sura ya 5 Petro anamwambia Anania kwamba kiwanja kilikuwa mali yake kabla ya kukiuza, na hata fedha zake zilikuwa katika uwezo wake. Mchungaji yeyote aliyesoma atakujibu kwa aya hiyo, na ukiwa hukujiandaa utaaibika. Ningekuwa wewe ningeanza na Yakobo sura ya 5, juu ya ujira wa wavunaji uliozuiliwa, kisha niulize swali moja tu: je, walinzi, wapishi na wafagizi wa shule na hospitali za kanisa letu wanalipwa kiasi gani, na wana mikataba? Swali hilo linaihusu nyumba yetu wenyewe, kwa hiyo hata hao waliotoa sadaka hawawezi kusema umewapelekea mambo ya nje.

Mwanakwaya wa Moshi:
Nashukuru sana. Nitakwenda. Kuhusu swali la ujira, je, nimweleze mchungaji wangu kabla, au nitaonekana naomba ruhusa?

Bibi wa Marangu:
Mweleze kabla, mjukuu wangu, wala usimfiche kikundi chako. Ukiulizia ghafla mbele ya wageni ataona umemvizia, lakini ukimweleza mapema huenda akakupa hata takwimu za usharika wenu. Vipeperushi vya kikundi viache Moshi.